Kapeti au ukoka? Uwanja wetu wa kata hapa Mwanza, naomba mchango wenu kabla ya kikao

#1 Mwalimu wa Igoma

Wakuu, habari za jioni. Nimetoka uwanjani sasa hivi, vumbi bado liko kwenye soksi.

Nafundisha watoto wa chini ya miaka 13 na wa chini ya miaka 15 huku upande wa Igoma. Uwanja wetu ni wa kata. Katikati ni kipara kitupu, pembeni kuna majani yanayojiotea, na goli la upande wa barabara lina shimo: mvua ikinyesha kipa anasimama kwenye dimbwi. Sasa amejitokeza mfadhili, kijana aliyekulia mtaa huu huu na Mungu amemjalia, anasema yuko tayari kututengenezea uwanja. Kamati imegawanyika. Wengi wanataka kapeti, yaani nyasi bandia kama pale uwanja wa Nyamagana. Mimi na wazee wawili tunataka nyasi asilia, yaani ukoka. Kikao ni Jumamosi ya wiki ijayo. Naleta hoja zangu hapa mzichambue bila kunionea haya.

Naanza na joto, kwa sababu hilo nimeliona kwa macho yangu. Mwaka juzi nilipeleka watoto kwenye bonanza lililofanyika kwenye uwanja wa kapeti, sitautaja. Mechi yetu ilipangwa saa saba mchana. Watoto wanne kati ya kumi na mmoja walikuwa pekupeku, maana ndivyo walivyozoea na daluga hawana. Dakika kumi hazijaisha nikaona winga wangu anakimbia kwa vidole, kama mtu anayevuka mchanga wa ufukweni mchana. Nikamtoa. Nyayo zilikuwa na malengelenge. Niliweka kiganja changu chini nikashindwa kuhesabu hadi kumi.

Hili si la kwetu peke yetu. Kombe la Dunia la wanawake mwaka 2015 kule Kanada lilichezwa lote juu ya nyasi bandia, na siku ya ufunguzi pale Edmonton iliripotiwa kuwa joto la uso wa uwanja limefika karibu nyuzi 50. Kanada hiyo, wakuu, siyo huku kwetu nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Kabla ya mashindano, wachezaji wakiongozwa na Abby Wambach wa Marekani walikuwa wamefungua shauri mwaka 2014, wakiuliza kwa nini wanaume hawachezeshwi Kombe la Dunia juu ya plastiki lakini wao wachezeshwe. Waliliondoa Januari 2015 bila kupata walichokitaka.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Jani la kweli linatoa maji, na yale maji yakikauka hewani yanaondoka na joto. Jani la plastiki halina maji ya kutoa. Chini yake kuna punje nyeusi za mpira wa matairi yaliyosagwa, na kitu cheusi juani kila mtu anajua kinavyokuwa. Jua likiwa kali uso wa kapeti unapita nyuzi 60 bila shida. Unaweza kumwagia maji ukapoa, lakini haichukui muda joto linarudi.

Jingine ni umri. Kapeti linaishi miaka 8 hadi 10 likitunzwa. Baada ya hapo unatakiwa kuling'oa lote na kununua jingine. Mfadhili akishaondoka, hela ya kapeti la pili tunaitoa wapi?

Karibuni.

#2 Kipa Mstaafu

Mwalimu, nakuheshimu, ila hapa umeegemea upande mmoja.

Nimedaka miaka kumi na moja kwenye ndondo za mji huu. Magoti yangu na kiwiko cha kulia vina makovu ambayo hayakutokana na kapeti, yametokana na hiyo unayoiita nyasi asilia. Kila uwanja wa kata niliouchezea ulianza na nyasi asilia. Kuna siku ya uzinduzi, kuna kijani, kuna diwani na picha. Msimu wa pili katikati kumeanza kuwa wekundu. Msimu wa tatu ni kipara na kokoto. Nyasi asilia isiyotunzwa ni kipara. Kapeti lisilotunzwa bado ni kapeti.

Halafu hujagusa kabisa suala la saa. Timu ngapi zinatumia uwanja wako kwa wiki? Wenye kazi ya nyasi Ulaya wanakadiria uwanja wa nyasi za kawaida unabeba saa 4 mpaka 6 kwa wiki, ukizidisha hapo unaanza kuchakaa. Kapeti unacheza asubuhi, mchana, jioni, kesho unarudia. Kwa mtaa wenye watoto wengi na uwanja mmoja, hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Hayo mengine yote yanakuja baadaye.

#3 Mkazi wa Bukoba

Nyongeza ndogo kutoka ng'ambo ya ziwa. Uwanja wetu wa Kaitaba ni wa nyasi bandia na mimi siujutii. Bukoba inapata mvua karibu mara mbili ya Mwanza, tunazungumzia milimita 2,000 hivi kwa mwaka, ninyi mko kwenye 1,000. Huku uwanja wa udongo mwezi wa nne unakuwa jaruba. Kwenye kapeti maji yanapita chini, nusu saa baada ya mvua watu wanacheza. Kwa hiyo msichukue jibu la mji mmoja mkalibandika mji mwingine, hata kama ziwa ni moja.

#4 Kijana wa Mabatini

Mimi ni timu kapeti. Joto linaepukika, chezeni kuanzia saa kumi jioni. Na mpira kwenye kapeti unatembea! Pasi ya chini inafika ilikotumwa. Kwenye viwanja vyetu hivi unapiga pasi inagonga tuta inamgonga mwenzio kidevu. Mtoto hajifunzi kutuliza mpira kwenye uwanja wa mabonde.

#5 Mwalimu wa Igoma

@Kipa Mstaafu, kaka umenigusa penyewe. Ni kweli sikuhesabu saa. Kuanzia kesho nakaa pale na daftari.

@Kijana wa Mabatini, hilo la pasi nakubali kwa asilimia zote. Lakini pasi inahitaji uwanja ulio sawa, na usawa unautengeneza kwa greda na mchanga, uwe wa kapeti au wa ukoka.

Kuhusu "kapeti lisilotunzwa bado ni kapeti", hapo nitabishana kidogo. Kapeti lina nyuzi za plastiki za sentimita 4 hadi 6, chini kumewekwa mchanga wa kulishikilia, juu yake punje za mpira ndizo zinazopunguza kishindo cha mguu. Zile punje hazikai mahali pamoja. Zinahama na daluga, zinatoka na viatu, zinaondoka na mvua. Penye alama ya penalti na mbele ya goli zinaisha mapema kuliko kwingine. Usipopiga brashi na kuongeza punje, nyuzi zinalala, chini panashindiliwa panakuwa pagumu kama barabara. Maungio yakiachia ndiyo mtego wa kifundo cha mguu. Wanaoyajua haya wanasema kila saa 10 za kucheza utenge saa 1 ya matunzo. FIFA wenyewe wakiupa uwanja cheti cha daraja la juu kinadumu mwaka 1 tu, cha daraja la chini yake miaka 3, kisha unapimwa upya. Wasingefanya hivyo kama kapeti lingekuwa linajitunza.

#6 Fizio wa Ziwani

Habari zenu. Nafanya kazi ya kunyoosha viungo vya wachezaji, nimeona mnaelekea kwenye majeraha bila kuyataja.

Tuwe waangalifu hapa maana kila upande unachukua utafiti unaoupenda. Mwaka 2006 jarida la Uingereza la tiba ya michezo lilichapisha utafiti wa Ekstrand na wenzake kwa timu za juu za Ulaya zilizohamia kapeti la kizazi cha tatu, yaani hili la nyuzi ndefu na punje. Kwa ujumla majeraha hayakuongezeka, ila kuteguka kifundo cha mguu kuliongezeka. Marekani kwenye mchezo wao wa American football, waliochambua misimu ya 2012 hadi 2016 waliona majeraha ya miguu yako juu kwa asilimia 16 kwenye bandia. Lakini ule ni mchezo mwingine, watu wana uzito mwingine na viatu vingine.

Linalonisumbua ni kwamba tafiti hizi zinalinganisha kapeti zuri na nyasi nzuri. Sisi huku chaguo letu mara nyingi ni kapeti lililochoka au ardhi iliyopasuka.

Ninachokiona mezani kwangu ni mambo mawili. La kwanza ni michubuko ya kuungua: mtoto akiteleza kwenye kapeti ngozi inatoka kama iliyopitishwa pasi ya moto, na kidonda kile kisiposafishwa kinaoza. La pili ni viatu. Daluga za meno marefu zimetengenezwa zichome udongo. Kwenye kapeti zinang'ang'ania, mguu unabaki huku mwili umeshageuka, na goti ndilo linalolipa. Kuna viatu vya kapeti vyenye meno mafupi mengi. Ni wazazi wangapi wa Igoma watanunua jozi mbili? Mtoto anavaa kile alichorithi kwa kaka yake.

#7 Mama wa Winga

Jamani naomba niseme kama mzazi. Binti yangu ana miaka 14 anacheza mpira, na anacheza vizuri.

Kaka umesema watu wacheze saa kumi jioni. Saa kumi jioni wanacheza wakubwa. Binti zetu wanapewa saa saba na saa nane mchana, saa ambazo hakuna mwanaume anayezitaka. Kwa hiyo hilo joto mnalolijadili lina mtu wake. Kapeti likija bila ratiba kubadilishwa, watakaoungua nyayo ni wasichana.

Lakini pia Mwalimu, usifikiri nyasi zinamaliza tatizo langu. Mkishasema uwanja upumzike, unabeba saa chache tu, nani ataambiwa apumzike? Mimi nimeishi mji huu miaka yote, najua nani ataambiwa.

#8 Mvuvi wa Kayenze

Nimesoma yote kimya kimya. Hakuna aliyelitaja ziwa.

Hizo punje za matairi zikitoka na mvua zinakwenda wapi? Mvua ya mjini inashuka milimani, inaingia mitaroni, mitaro mingi inaingia mto Mirongo, Mirongo inaingia ziwani. Uwanja mmoja mkubwa unabeba punje za mpira zaidi ya tani 100. Tani 100 juu ya mteremko wa kuelekea ziwani.

Mwaka 2016 jarida la Maziwa Makuu lilitoa utafiti wa samaki walionunuliwa hapa hapa Mwanza, sangara 20 na sato 20. Ilithibitishwa kwamba mmoja kati ya kila watano, kwa sangara na kwa sato vilevile, alikuwa na plastiki tumboni. Hiyo sisemi ilitoka kwenye viwanja vya mpira, huenda ni mifuko, chupa, nyavu zetu wenyewe wavuvi, sikatai. Ila ndiyo kusema tumeshafika hapo tulipo, na mnataka kuongeza.

Umoja wa Ulaya mwaka 2023 walipitisha kanuni ya plastiki ndogondogo, na punje za kujazia viwanja zimepewa miaka 8, yaani mwaka 2031 zisiuzwe tena kwao. Wakizuia kwao, mzigo uliobaki utatafuta soko. Mimi naogopa soko hilo ni sisi.

#9 Kipa Mstaafu

@Mvuvi wa Kayenze, mzee shikamoo. Hili la ziwa sikuwa nimelifikiria na limeniingia.

Ila kuna punje za magome ya miti na za makumbi ya nazi pia, siyo lazima matairi. Na mbolea ya nyasi je? Mkimwaga urea kila mwezi kwenye uwanja wa mteremko, mvua inaipeleka kule kule, na gugu maji na mwani vinashiba.

#10 Mvuvi wa Kayenze

Marahaba. Umesema kweli kuhusu mbolea. Nimeshaona mwani wa kijani mzito umetanda mpaka wavu unatoka kama umechovywa rangi. Basi wasimwage urea hovyo. Huku ni Usukuma, samadi ipo.

#11 Fundi Nyasi

Wakuu naomba nafasi kidogo, hii ndiyo kazi yangu. Nimepanda na kutunza nyasi mahotelini na kwenye viwanja kwa miaka mingi, huku kanda ya ziwa.

Hizo saa 4 hadi 6 alizozitaja Kipa ni za nyasi za nchi za baridi, ambazo miezi kadhaa ya mwaka hazikui. Ukoka wetu haulali kwa baridi, Mwanza hakuna baridi ya kuulaza. Unatambaa juu ya ardhi na unatambaa chini ya ardhi pia, ukichanika unajishona. Dunia nzima inaupanda kwenye viwanja vyake vya joto na imeupa jina la visiwa vya Bermuda, wakati Afrika ni kwao. Kwa hiyo uwanja wa ukoka wenye maji na samadi unaweza kubeba mara mbili au zaidi ya zile saa. Saa 40 haubebi. Hapo nisikudanganye Mwalimu.

Viwanja vyetu vinakufa kwa sababu nilizoziona kwa mikono yangu. Udongo kwanza. Wasukuma wana majina ya udongo yanayofaa kuliko kitabu. Ukiwa juu karibu na mawe ni luseni, mchanga mchanga, maji yanapita upesi. Ukishuka bondeni ni mbuga, udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi. Uwanja ukijengwa kwenye mbuga bila kuletewa mchanga, hata upande nini, mvua ya kwanza daluga zinaugeuza tope, jua la kwanza tope linakuwa tofali, mzizi unakosa hewa. Mwalimu, nenda kachimbe sentimita 30 sehemu tano tofauti utuambie umepata nini. Ukikuta mbuga, leta luseni, changanya, halafu ufanye katikati pawe juu kidogo kama mgongo wa samaki ili maji yashuke pande zote mbili.

Jingine ni kukata. Watu wanaacha nyasi zifike kwenye kifundo kisha siku ya mechi wanafyeka mpaka chini na fyekeo. Ile ni kuua. Ukoka unataka kukatwa mara kwa mara, kidogo kidogo, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa siku moja. Uweke kwenye sentimita 2 na nusu hadi 3. Ukikatwa hivyo unaacha kukimbilia juu, unatanuka pembeni, na ndago inakosa nafasi. Ndago ukiiona ing'oe na kiazi chake, ukikata juu unaichekea tu.

Samadi iwe imeiva. Samadi mbichi inakuja na mbegu za kila aina ya gugu lililoliwa na ng'ombe.

Halafu kupanda. Usinunue mbegu. Chukua ukoka wenyewe, ukate vipande vyenye vifundo vitatu vinne, uchimbe mistari iliyoachana sentimita 25 hivi, ufukie kifundo, uache ncha nje. Ukipanda vuli inapoanza, Oktoba au Novemba, miezi mitatu umefunika. Katika miezi hiyo mitatu hakuna mtu kukanyaga. Hapo ndipo viwanja vingi vinapofia, watu wanashindwa kuvumilia wanaingia mwezi wa pili.

#12 Kijana wa Mabatini

Fundi, na maji? Juni mpaka Septemba hapa mvua ni haba.

#13 Fundi Nyasi

Piga hesabu mwenyewe. Uwanja wa mita 90 kwa 60 ni mita za mraba 5,400. Kiangazi ukoka unaotaka kuwa kijani unakunywa kama milimita 5 kwa siku. Hiyo ni lita 27,000 kila siku, matanki matano ya lita 5,000 na bado hujamaliza. Kwa siku 120 za kiangazi ni uniti 3,240. Ukinunua maji ya bomba, kamati itauza magoli.

Lakini ukoka hauhitaji kuwa kijani muda wote. Upe nusu ya hayo, kwa kumwagilia kwa kina mara mbili au tatu kwa wiki, siyo kunyunyiza kila siku. Mzizi unafuata maji chini. Utafifia rangi lakini hautakufa, mvua ya kwanza utaamka. Ukimwagilia juu juu kila siku mzizi unabaki juu, siku pampu ikiharibika umeupoteza. Maji ya usiku au alfajiri, siyo mchana.

Kisima ndiyo jibu kwa watu wasio karibu na ufukwe. Nenda kwenye ofisi ya bonde la Ziwa Victoria uombe kibali kabla ya kuchimba. Ukitaka kuvuta maji ziwani kibali ni hicho hicho, na kumbuka sheria ya mazingira haitaki ujenge ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

#14 Mwalimu wa Igoma

Wabeja sana Fundi. Nimeipiga picha hiyo post nzima.

Nimerudi na daftari. Siku saba, nimehesabu kila aliyeingia uwanjani akicheza mpira, hata chandimu. Jumla saa 43. Timu nane zenye majina, shule mbili za msingi zinazokuja asubuhi, na watoto wasio na timu yoyote wanaojaza kila pengo. Wasichana wamepata saa 3 kati ya hizo 43. Mama wa Winga alisema kweli tupu, na mimi ni mmoja wa waliopanga ratiba ile.

Nikakaa na karatasi usiku. Kipa ana haki: saa 43 nyasi yoyote inakufa. Nikaanza kulegea, nikasema basi nikubali kapeti.

Kilichonirudisha ni kutazama zile saa 43 zinatumikaje. Mechi na mazoezi ya kweli ya uwanja mzima ni saa 14 tu. Saa zilizobaki ni watoto kumi kwenye kona, ni kukimbia kuzunguka, ni mazoezi ya viungo, ni makipa wanaopigiwa mipira kwenye goli lile lile moja kila jioni. Hayo yote yanafanyika mahali popote palipo sawa. Nyuma ya goli la juu tuna kipande cha kata, tupu, kama mita 40 kwa 25, cha luseni, hakituami maji. Kikisawazishwa na kuwekewa magoli madogo mawili, nusu ya mzigo inahamia pale. Tukiwa na magoli ya kuhamisha, mazoezi leo yanakuwa huku, kesho kule, panapochakaa panapata siku za kupona.

Pia nimechimba. Mashimo matano. Matatu ya juu ni luseni, mawili ya upande wa barabara ni mbuga nyeusi kabisa. Ndiyo sababu ya dimbwi la kipa.

#15 Kipa Mstaafu

Hapo sasa unaongea kitu ninachoweza kukisikiliza. Bado nina swali moja, na ndilo lililoviua viwanja vyote nilivyochezea. Nani atakata hizo nyasi mwaka wa tatu? Siyo mwaka wa kwanza, wa kwanza wote mna moyo.

#16 Mwalimu wa Igoma

Mtu anayelipwa. Nitamwomba mfadhili asimalize hela yote siku ya uzinduzi. Kapeti la uwanja mzima ni gharama mara nyingi ya ukoka, kila mtu kwenye kamati anajua. Ile tofauti isirudi mfukoni mwake wala isiende kwenye jukwaa la wageni. Iwekwe benki kwa jina la kata, imlipe mtunza uwanja mmoja kwa miaka mitano, inunue mashine ya kukatia na ilipe umeme wa pampu. Akikataa hilo, nitasema wazi mbele ya kikao kwamba bora tuchukue kapeti, maana ukoka bila mtu tumeshauona.

#17 Fizio wa Ziwani

Hilo la mtu ndilo lenyewe. Naomba kwenye ratiba mpya muandike wasichana kwanza, kabla ya kumwandika mwingine yeyote. Ukianza na wakubwa, mwisho wa karatasi nafasi huwa imeisha.

#18 Mkazi wa Bukoba

Neno kuhusu ligi. Kuna mtu kwenye kamati yenu asije akasema ukoka haukubaliki au kapeti halikubaliki. Sheria namba 1 ya mpira inaruhusu vyote, mradi kanuni za shindano ziruhusu, na ikiwa bandia lazima iwe ya kijani. Ila duniani upepo unageuka. Uholanzi ligi yao ya juu imeondoa kapeti kuanzia msimu wa 2025/26, na Scotland klabu za ligi kuu zimepiga kura liondoke kuanzia 2026/27. Brazil mwaka 2025 wachezaji wakubwa, Neymar akiwemo, walitoka hadharani kulipinga. Hao wana hela ya kutunza chochote wanachotaka. Sisemi tuwafuate, Kaitaba yetu bado naipenda. Nasema tu msikubali kuambiwa kapeti ndiyo maendeleo na nyasi ni ushamba.

#19 Mvuvi wa Kayenze

Na kapeti likichoka mnalitupa wapi? Dampo la Buhongwa lina mzigo wake tayari. Ulizeni hilo kikaoni.

#20 Mwalimu wa Igoma

MREJESHO.

Wakuu, kikao kimefanyika. Kilianza saa nne asubuhi kikaisha saa nane na nusu. Nilisoma zile saa 43 kutoka kwenye daftari, moja baada ya nyingine. Nilipofika kwenye saa 3 za wasichana ukumbi ulinyamaza. Mwenyekiti wa timu ya wakubwa aliomba ratiba ibadilishwe hata kabla ya jambo la uwanja kuamuliwa, na ikabadilishwa pale pale: Jumanne na Alhamisi saa kumi na nusu jioni ni za wasichana.

Uwanja haukuamuliwa wote. Waliotaka kapeti hawakushawishika, na siwalaumu, wameshaahidiwa nyasi mara nyingi. Tulichokubaliana ni hiki. Mfadhili anachimba kisima kwanza, maana kisima kinahitajika kwa vyovyote. Mafundi wakipima maji na yakitosha, tunaendelea na ukoka. Yasipotosha, tunarudi mezani na kapeti, lile lisilo na punje za matairi, na suala la matunzo yake tutalizungumza hapo. Kuhusu mshahara wa mtunza uwanja kwa miaka mitano, amesema anakwenda kuzungumza na mkewe. Nilipenda jibu hilo kuliko angesema ndiyo haraka.

Huku tukisubiri, tumeruhusiwa kufanya jaribio kwenye lile goli la barabarani. Wiki iliyopita tulitoa mbuga yote sentimita 30, mita 15 kwa 10, tukajaza luseni iliyochanganywa na samadi ya mwaka jana kutoka kwa mzee mmoja wa jirani. Ukoka tumeung'oa pembezoni mwa njia ya kwenda mtoni. Watoto wa chini ya miaka 13 ndio waliokata vifundo, kila mmoja alipewa mistari yake na amechomeka kijiti chenye jina. Yule winga wa malengelenge ana mistari minne karibu na nguzo ya kushoto, anakuja kuikagua asubuhi kabla ya shule.

Goli tumelifunga kwa kamba. Tunatumia la upande mmoja tu kwa sasa, na ni kweli wakubwa wananung'unika.

Fundi Nyasi, machipukizi ya kwanza yametoka siku ya tisa. Udongo wa katikati unatitia kidogo ukikanyaga, nadhani hatukushindilia vya kutosha kabla ya kupanda. Nipitishe pipa lililojazwa maji juu yake sasa hivi, au nitaviumiza vifundo? Na kama kuna mtu mwenye roli la mkono maeneo ya Igoma, Nyakato au Buhongwa, tuazimeni kwa siku moja, tutalirudisha limeoshwa.

#21 Fundi Nyasi

Usipitishe sasa, mizizi haijashika. Subiri wiki mbili, udongo ukiwa na unyevu kidogo siyo tope, ndipo upitishe pipa nusu ya maji, mara moja tu kwenda na mara moja kurudi. Panapotitia ongeza luseni kavu kwa kutupia juu, sentimita moja, usifukie ncha. Roli ninalo, liko Nyakato. Nitalileta mwenyewe nione hiyo mistari minne.